Ukiwa Kampala, usimwambie mzee "panda gari"

Mombasa au Dodoma utasema "panda gari" mara kumi kwa siku na hakuna atakayegeuza shingo. Kampala, mbele ya mtu mzima, chunga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa serikali ya pili ya Milton Obote, "panda gari" lilikuwa jina la misako: askari walizingira mtaa, wakakusanya watu na kuwapakia kwenye malori. Wapo ambao hawakurudi nyumbani. Kamusi haitakuonyesha hilo, lakini aliyeshuhudia analisikia hata ukilisema kwa tabasamu.

Mwambie, "Karibu garini, mzee," au "Tuingie, mama, nafasi ipo."

Amri fupi fupi nazo zina uzito huo huo. Waganda wengi wa rika lile walikisikia Kiswahili kwanza kinywani mwa mwanajeshi au polisi, ndiyo maana "Lete!" na "Kaa chini!" huwakumbusha kizuizi cha barabarani. Lainisha kitenzi: "Naomba uniletee maji," "Ukae hapa, tafadhali." Ukitia na "ssebo" kwa mwanamume au "nnyabo" kwa mwanamke, kwa Kiganda chao, utaona uso unavyofunguka.

Kwa vijana haina shida sana. Wengi wamekikuta Kiswahili tayari ni lugha rasmi ya pili, tangu marekebisho ya katiba ya 2005. Hata hivyo mimi huanza na "naomba" kwa kila mtu, maana sijui kwao walisimuliwa nini.