Vena iliyobanwa na nyaya za pesimeka: shughulikia nyaya kabla ya stenti

Sikiliza malalamiko kwanza. Kola ya shati inambana mgonjwa asubuhi, uso unamvimba akiinama kufunga viatu, mkono wa upande wa pesimeka (kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo) ni mzito. Nyaya zake, zinazopita ndani ya vena (mshipa unaorudisha damu moyoni), zimesugua ukuta wake kwa miaka, kovu limejengeka na damu imeganda juu yake. Wengi hawana dalili, kwa kuwa mwili umejifungulia vijia vya pembeni. Hao waache, isipokuwa unahitaji njia ya kupitisha waya mpya.

Hatua ya 1. Altrasaundi huonyesha vena za mkono, lakini kifuani mifupa huizuia. Piga picha kwa dawa ya rangi kupitia mikono yote miwili kwa pamoja, uone kizuizi kinaanzia na kuishia wapi.

Hatua ya 2. Bonge la damu likiwa bichi, anza dawa za kuzuia damu kuganda.

Hatua ya 3. Hapa usiharakishe. Ukiweka stenti (kijibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa uwe wazi) juu ya nyaya, unazibana ukutani. Zikipata maambukizi baadaye, kuzitoa ni balaa. Mimi hupendelea zitolewe kwanza. Nyaya zilizokaa zaidi ya mwaka 1 huwa zimeshikana na vena, na vena kuu ya juu, ile inayorudisha damu ya kichwa na mikono moyoni, ikichanika mgonjwa anaweza kufa kwa dakika chache. Kwa hiyo timu ya upasuaji wa moyo iwe tayari, damu iwepo, na anayetegemea pesimeka awekewe ya muda. Waya ukishatoka, usichomoe ala, yaani mrija uliotumika kuutolea: pitisha kwanza waya mwongozo (waya mwembamba wa kuongozea vifaa) ndani yake. Njia hiyo ukiipoteza, huenda usiipate tena.

Hatua ya 4. Ingiza puto la shinikizo kubwa, lenye kipimo kinacholingana na vena nzima iliyo jirani. Litazame kwenye skrini: katikati litabaki na kiuno, pale kovu lilipokaza. Ongeza shinikizo polepole, bila kuvuka kikomo cha puto, mpaka kiuno kipotee. Ngoja kidogo, piga picha tena. Vena ikirudi kujibana, ndipo stenti inapofaa, ila si kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza, maana mifupa itaiponda.

Hatua ya 5. Kuhamishia nyaya mpya upande wa pili hakukwepi vena kuu ya juu. Kwa anayefaa, fikiria pesimeka isiyo na waya, inayopitishwa kwenye vena ya paja. Kisha mwite kliniki mara kwa mara, na umuulize tena habari za ile kola.