Kufunga akselereta kwenye baiskeli ya umeme ya kukanyaga

Baiskeli nyingi za umeme zimetengenezwa hivi: mota haiamki mpaka ukanyage pedali. Kwa mwenye miguu mizima na barabara tambarare, hilo halina shida. Lakini mwenye goti bovu, au aliyefunga kreti mbili nyuma na anaondokea mlimani, mateso yake yote yako kwenye ule mzunguko wa kwanza, na mota inakuja kumsaidia wakati ameshajikamua. Ukimfungia akselereta anaondoka kama dereva wa bodaboda: anavuta mafuta kidogo, baiskeli inasogea, kisha anakanyaga akipenda. Kazi ya nyaya ni ndogo. Kazi kubwa ni kujua, kabla hujatoa pesa, kama baiskeli yako itaipokea.

Hatua ya 1: Tazama mota ilipo

Kama mota iko kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, la mbele au la nyuma, endelea kusoma. Kama iko kwenye krenki, pale pedali zinapozungukia, na ni Bosch, Shimano au Yamaha, usinunue akselereta. Mota hizo hupima nguvu ya mguu, na programu yake imefungwa na mtengenezaji. Hakuna mahali pa kuingiza waya wako. Baiskeli za Yamaha PAS, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1993, ni za ukoo huo, kwa hiyo ukikuta ya mtumba kutoka Japani iangalie vizuri kabla ya kuahidi kitu. Bafang BBS02 ni tofauti: iko kwenye krenki, lakini ina plagi ya akselereta kutoka kiwandani.

Hatua ya 2: Fungua kontrola

Chomoa betri kwanza. Halafu bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache, maana ndani ya kontrola kuna kapasita zinazobaki na umeme hata betri ikiwa mezani.

Kontrola, ile inayogawa umeme wa betri kwenda kwenye mota, mara nyingi ni kiboksi cha alumini kilichofichwa chini ya kiti, kwenye kitako cha betri au ndani ya bomba la fremu. Unatafuta plagi ya nyaya tatu isiyounganishwa na kitu: nyekundu, nyeusi, na ya tatu, ya ishara, ambayo kwa kawaida ni kijani au nyeupe. Ukiipata, umepunguza nusu ya gharama.

Hapa ndipo wengi huunguza vitu. Kihisi cha pedali nacho kina nyaya tatu, pengine za rangi zilezile, na mtu huona akichomoa kihisi na kuchomeka akselereta mahali pake mambo yamekwisha. Hayaishi. Kihisi cha pedali ni kisahani chenye sumaku kinachozunguka mbele ya kihisi cha Hall, yaani kinachohisi sumaku. Kontrola inapokea mapigo ya kuwaka na kuzima, na inachojua ni kwamba pedali zinazunguka. Akselereta haitoi mapigo. Inatoa volti zinazopanda taratibu kadiri unavyovuta. Ni lugha mbili, na kila moja ina mlango wake.

Hatua ya 3: Pima, usiamini rangi

Rudisha betri, washa baiskeli, weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye volti za DC. Pima kati ya nyekundu na nyeusi ya ile plagi ya kontrola. Unatakiwa kuona karibu volti 5, hata 4.3 inakubalika. Ukiona 36 au 48, simama hapo hapo. Huo ni umeme wa betri nzima, na ukigusa akselereta ya kawaida inakufa papo hapo. Hali hiyo huwapo kwenye plagi zilizotengenezwa kwa akselereta zenye taa za kuonyesha chaji au swichi ya ufunguo, ambazo huwa na nyaya tano au sita.

Hatua ya 4: Chagua akselereta

Ziko za kuzungusha kwa kiganja na za kusukuma kwa dole gumba. Mimi nafunga ya dole gumba, hasa kwa mtu mzima au anayebeba mzigo. Ile ya kuzungusha ni hatari unaposukuma baiskeli kwa mguu ikiwa imewashwa: unashika usukani kwa nguvu, kiganja kinazunguka bila wewe kutaka, na baiskeli inaruka.

Fungua skrubu za mkono wa breki kwa elenki, usogeze ndani kidogo, vua mpira wa mshikio, ingiza akselereta, rudisha mpira. Hakikisha dole gumba linafika bila kuachia breki, na kwamba akselereta ikiachiwa inarudi yenyewe hadi mwanzo.

Hatua ya 5: Unga nyaya

Chomoa betri tena. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, ishara kwa ishara, baada ya kuthibitisha kwa multimita. Kama plagi hazifanani, kata, unga kwa risasi, na funika kila waya peke yake kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Usisokote tu na kufunga utepe wa plastiki wenye gundi. Waya mweusi wa akselereta ukikatika njiani, ishara inaweza kupanda kuelekea volti 5, na kontrola isiyo na kinga itaelewa kwamba umevuta hadi mwisho.

Sasa inua gurudumu lenye mota lisiguse chini, rudisha betri na uwashe. Chomeka kipimo kwenye waya wa ishara na mweusi. Akselereta ikiwa imeachiwa utaona karibu volti 0.8 hadi 1. Vuta polepole: 1.2, 1.5, gurudumu linaanza kuzunguka, 2, 3, hadi karibu 4 mwishoni. Namba zipande bila kuruka. Zikiruka, akselereta ni mbovu au kiungo chako hakijashika.

Hatua ya 6: Breki zikate umeme

Hili silifanyii mjadala. Mota ikiwa inasukuma kwa akselereta, mkono wa breki lazima uizime. Funga mikono ya breki yenye swichi, au kama breki ni za mafuta, bandika kihisi cha sumaku kwenye mkono uliopo. Jaribu gurudumu likiwa juu: vuta akselereta hadi mwisho, gusa breki kidogo. Mota inyamaze mara moja, kwa mkono wa kulia na wa kushoto.

Kama volti zinapanda na gurudumu halizunguki

Ingia kwenye mipangilio ya skrini. Kwenye skrini za S866, kipengele P10 kikiwa 0 baiskeli inasikiliza pedali tu. 1 ni akselereta tu, 2 ni vyote viwili. Weka 2. Kwenye skrini za KT, angalia C4. Baiskeli ikienda kilomita 6 kwa saa halafu ikagoma kuongeza, akselereta yake imewekewa kikomo cha Ulaya. Huko baiskeli ya umeme ya kawaida ni wati 250, na msaada wa mota unapokanyaga unakoma kwenye kilomita 25 kwa saa. Ndugu zetu mlioko huko, mjue kwamba akselereta inayopita hiyo 6 huifanya baiskeli ihesabike kama pikipiki ndogo, yenye kudai usajili na bima.

Kama kontrola haina mlango kabisa

Badilisha kontrola. Iwe na volti sawa na betri yako, na ampea zisizozidi za ile ya zamani. Inakuja na nyaya tatu nene za mota, tano nyembamba za vihisi vya Hall, za breki, pedali na akselereta. Nyingi za bei nafuu zina nyaya mbili za kujifunza: unaziunganisha, gurudumu linazunguka lenyewe, likienda mbele unazitenganisha.

Siku za mwanzo, ukipanda mlima mrefu simama juu ushike habu. Ndani ya habu nyingi ndogo mna gia za nailoni, na mota inayosukuma peke yake kwa mwendo wa chini inageuza umeme mwingi kuwa joto. Ikiwa huwezi kuacha kiganja hapo, isaidie kwa pedali. Betri nayo itapungua haraka: ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360, na bila kukanyaga kabisa tegemea kilomita 25 hivi, siyo zile zilizoandikwa kwenye boksi.