Kabla hujatangaza shindano la hadithi fupi na ushairi Mtwara na Lindi

Fedha ya zawadi iwe imeshaingia kwenye akaunti kabla tangazo halijatoka. Naanza na hili kwa sababu liliwahi kutuumbua. Mfadhili mmoja alituahidi kwa mdomo, tukabandika matangazo na kiasi tukakiandika kwa wino mzito, na wiki ya matokeo simu yake ikawa haipokelewi. Tulichangishana wenyewe. Washindi walilipwa nusu papo hapo na nusu baada ya korosho, na kila nilipokutana na mmoja wao stendi niliona haya. Laki moja iliyopo inamheshimu mwandishi kuliko milioni ya ahadi. Usijipime na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu; ile inabebwa na Serikali. Na kiingilio usitoze. Shilingi elfu tano ni kitu kidogo kwa mtu wa Shangani, pale Mtwara mjini, lakini kwa kijana wa Liwale aliyemaliza shule mwaka jana ni sababu tosha ya kuacha.

Halafu kalenda. Huku kwetu mwaka unapangwa na mkorosho. Septemba watu wameanza kuokota, Oktoba minada inafunguliwa, na mpaka Desemba hata mwalimu wa Kiswahili ana shamba lake la kuangalia. Ukifunga shindano Novemba utapata kazi za watu wa mjini tu, tena bila kidato cha nne, maana mwezi huo wako kwenye mtihani wa taifa. Mimi ningetangaza mwanzoni mwa Aprili na kufunga Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe ambayo walimu hawahitaji kukumbushwa. Likizo ya Juni inakuwa imewapa wanafunzi nafasi ya kuandika. Matokeo yatoke mwishoni mwa Agosti. Kwenye masharti acha siku kadhaa za nyongeza kwa mzigo uliokwama njiani: Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika maeneo ya Somanga, bahasha na abiria vililala njiani pamoja.

Sasa, kazi zenyewe zitakufikiaje? Ukisema barua pepe tu, umewafungia mlango watu ambao shindano hili lingewafaa kuliko wote. Washairi wetu wengi wa makamo huandika kwenye madaftari. Niliwahi kupokea daftari lililokuja na konda wa basi kutoka Kitangari, limeviringishwa kwenye gazeti na kufungwa kamba ya katani. Mbele mashairi, nyuma hesabu za mifuko ya salfa ya mikorosho na majina ya vibarua. Kwa hiyo pokea kwa WhatsApp, pokea karatasi, na omba mapema sehemu za kukusanyia: maktaba ya mkoa, ofisi ya afisa utamaduni wa halmashauri, mwalimu mmoja unayemwamini Masasi, mwingine Nachingwea, mwingine Kilwa Masoko. Huyo afisa utamaduni muone mwanzo kabisa, kwa sababu ndiye atakayekueleza kama hafla yako inahitaji kibali.

Ukishapokea madaftari, itabidi yachapwe, na hapa ndipo tulipoharibu. Daftari la Kitangari tulilipeleka steshenari. Dada aliyechapa ni mchapaji mzuri, na kwa nia njema alikuwa anasahihisha Kiswahili. Mzee mwenye daftari alikuwa ameandika:

Mgeni alowasili, hakupata pa kulala

Dada akachapa "Mgeni aliyewasili". Hesabu kwa vidole: m-ge-ni-a-lo-wa-si-li, mizani minane, yaani silabi nane. M-ge-ni-a-li-ye-wa-si-li, tisa. Alifanya hivyo karibu kila ubeti, na majaji wakamkata mzee alama za mizani. Mjukuu wake alipomsomea nakala iliyochapwa, mzee alinipigia. "Mwanangu, hili shairi lina jina langu, lakini si langu." Nilimwomba radhi, na majaji wakalisoma upya kutoka kwenye daftari lenyewe. Tangu hapo anayechapa mashairi ninamwelekeza kabla hajagusa kitufe: andika unachokiona, usiongeze herufi, usipunguze. Na kila nakala isomwe na mtu wa pili huku daftari liko wazi pembeni.

Majaji nao si wote wanaojua kuhesabu. M ya "mkulima" ni silabi nzima, m-ku-li-ma, nne, lakini ya "mwezi" imeungana na w, kwa hiyo neno lina mbili tu. "Mbu" ni mbili na "mbegu" pia ni mbili. Mwalimu wa fasihi aliyezoea riwaya anaweza kuteleza hapo, na mshairi mzoefu hatakusamehe. Wape majaji beti tatu za majaribio kabla hujakubaliana nao malipo. Ndiyo, walipwe.

Amua pia mapema kama unataka mashairi ya vina na mizani au yasiyofungwa navyo. Usiyachanganye kwenye kundi moja. Mzee wa tarbia na kijana wa chuo anayeandika mashairi huru kila mmoja anastahili jaji anayeipenda njia yake; ukiwapimia kipimo kilekile, mmoja ataonewa. Kwa tarbia andika wazi: mishororo minne kila ubeti, mizani 16 kila mshororo, nane ukwapi (nusu ya kwanza) na nane utao (nusu ya pili), beti zisizidi kumi. Maneno ya Kimakonde, Kimwera au Kiyao yaruhusiwe, na mwandishi asilazimishwe kuyafafanua pembeni kama hadithi yenyewe inajieleza.

Ukomo wa maneno kwa hadithi unaonekana jambo dogo mpaka uanze kusoma. Hadithi 150, kila moja maneno 2,000, ni maneno 300,000. Jaji akitumia robo saa kwa kila hadithi anahitaji saa 37 na nusu, na anayesoma jioni baada ya kazi, saa mbili kila siku, atakaribia wiki tatu. Kila hadithi inatakiwa isomwe na majaji wawili angalau. Ukiona huna watu hao, punguza ukomo mpaka maneno 1,200, usipunguze usomaji.

Majina yakae kwenye karatasi ya pekee, kazi ipewe namba, na daftari la namba alitunze katibu asiyetoa alama. Miji yetu ni midogo. Mwalimu anaujua mwandiko wa mwanafunzi wake, na jaji akiutambua, kazi hiyo ahamishiwe mwenzake.

Hakimiliki ni ya mwandishi tangu anapoandika. Hivyo ndivyo ilivyo chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Wewe omba ruhusa ya kuchapa kazi zilizoshinda mara moja kwenye kijitabu, basi. Masharti yanayosema "kazi zote zitakuwa mali ya waandaaji" ni unyang'anyi. Aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi atie saini.

Jambo ambalo waandaaji wengi hawalipangii fedha ni kurudisha kazi. Tenga nauli ya bahasha, na muulize kila jaji kabla hujamchukua kama yuko tayari kumwandikia kila mshiriki sentensi mbili tatu. Mzee wa Kitangari hakushinda hata baada ya kusomwa upya. Alikuwa wa tano. Alipopigiwa kupewa matokeo alishukuru, akauliza jambo moja tu: daftari litarudi lini, maana msimu umekaribia na hesabu za vibarua wake zimo humo. Tulilifunga kwa kamba yake ileile, ndani tukaweka nusu karatasi ya maoni ya majaji, tukamkabidhi konda.