Mtufaha wa kupanda nyumbani Dodoma: namna ya kuchagua aina

Wengi wanaokuja kununua miche kwangu wanakuja na jina mkononi. Huyu anataka Granny Smith kwa sababu ndilo analoliona sokoni, yule ana dada yake Uingereza aliyemsifia matufaha ya zamani ya kule. Jina liacheni kwanza. Hapa kwetu mtufaha huchaguliwa kwa baridi, kisha kwa mwenzake, kisha kwa shina lililobebeshewa, yaani shina la chini ambalo aina hiyo imeunganishwa juu yake. Tukimaliza hayo, majina yanayobaki ni machache sana.

Hatua ya 1: Jua baridi ya kwenu

Mtufaha ukishapukutisha majani, macho yake, yaani vichipukizi, hulala, na hayaamki sawasawa mpaka yapate saa za kutosha za baridi iliyo chini ya nyuzijoto 7 hivi. Cox's Orange Pippin, tufaha maarufu la Uingereza la karne ya 19, hudai mamia ya saa hizo. Dodoma mjini tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hata Julai, watu wakiwa wamejifunga makoti asubuhi, kipimajoto husoma 13 au 14. Kwenye hesabu ya mtufaha, hiyo ni sifuri.

Cox ukiipanda Ipagala, hapa hapa Dodoma mjini, haifi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Itarefuka, iwe na kishungi cha majani kwenye ncha ya kila tawi, huku katikati tawi likiwa tupu, na ua hulioni. Mwenye shamba milimani Kondoa au juu kule Mpwapwa ana nafuu kidogo, ila asijilinganishe na mtu wa Makete, kwenye baridi kali ya Njombe.

Hatua ya 2: Sasa chagua jina

Anna ndiyo ninayoitanguliza. Ilizalishwa Israel kwa ajili ya maeneo ya joto, na mzazi wake mmoja ni Golden Delicious. Ya pili ni Dorsett Golden, iliyotokea Nassau, Bahamas, mahali pasipojua baridi kabisa. Si aina za kale, lakini ndizo zenye uvumilivu.

Unataka ya kale kweli? Tafuta Rome Beauty, aina ya Ohio, Marekani, ya karne ya 19. Wakulima wa Batu, kisiwani Java, wanaivuna hata mara mbili kwa mwaka, nao wako kwenye mwinuko unaokaribiana na wetu. Kule mvua ni nyingi kuliko Dodoma, kwa hiyo usiige kila kitu chao. Iga mbinu yao ya majani, nitaieleza mbele. Bramley ya mwaka 1809 achana nayo: baridi inaitaka, na chavua yake haimsaidii jirani yeyote.

Mbegu za tufaha la dukani usizihangaikie. Mti utaota, ila matunda yake hayatafanana na lile ulilokula.

Hatua ya 3: Mpe mwenzake

Mtufaha mmoja peke yake uani huzaa kidogo au hauzai kabisa. Anna na Dorsett Golden huchanua pamoja, basi panda moja moja, umbali wa mita nne hivi. Zikichanua usipige dawa ya wadudu. Nyuki ndio wanaobeba chavua kutoka mti mmoja kwenda mwingine.

Hatua ya 4: Kagua mche kabla ya kulipa

Nunua mche wa kubebesha, na umuulize muuzaji maswali mawili: juu ni aina gani, na chini ni shina gani. Kwa ukame wetu napenda MM.111, mizizi yake inavumilia kiu. M.9 hufanya mti mfupi wa kupendeza, lakini mizizi yake ni dhaifu, inataka nguzo na maji ya kila mara. Pale wa juu na wa chini walipoungana pitisha kidole: kovu liwe limefungana pande zote, bila ufa na bila nailoni iliyozama kwenye gome. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha juu ya kovu. Ndani pawe kijani. Muuzaji asiyejua jina la alichobebesha, mwachie mche wake.

Hatua ya 5: Panda

Shimo sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza vizuri, na kovu libaki juu ya ardhi. Panda mvua zikishakolea, kwa kawaida Desemba au Januari. Maji ya kisima cha chumvi yataunguza kingo za majani, maji ya mvua uliyokinga ni bora. Matandazo yasiguse shina, mchwa watapanda. Paka shina chokaa kulikinga na jua, na zungushia miiba kwa ajili ya mbuzi wa jirani.

Hatua ya 6: Ulaze mti kwa mkono

Hii ndiyo siri ya Java, na mkulima wa zabibu wa Dodoma hataishangaa, maana naye huuamsha mzabibu kwa mkasi. Mti ukitimiza miaka miwili au mitatu, punguza maji Juni. Mwishoni mwa Julai ondoa majani yote. Usiyavute: jicho liko kwapani mwa jani na litabanduka nalo. Kata kikonyo kwa mkasi, kipande kilichobaki kitaanguka chenyewe. Kisha vuta matawi yaliyosimama wima, uyafunge kwa kamba yalale kidogo, maana tawi lililolala huchanua zaidi. Mwagilia mpaka maji yafike chini.

Vitunda vikifikia ukubwa wa gololi, acha kimoja tu kwa kila kishada. Watoto watalalamika, lakini Anna ikiachiwa mzigo wote ikiwa bado changa huvunja matawi, na mwaka unaofuata hupumzika.