Kuchora picha ya paka kidijitali kwa mtindo wa impreshonisti

Mtindo wa impreshonisti ni ule wa mipigo ya brashi inayoonekana wazi, unaonasa mwanga na rangi kuliko maelezo madogo. Katika programu ya kuchorea, fungua turubai (ukurasa wa kuchorea) ya pikseli 3000 kwa 4000, uipake yote rangi ya udongo iliyofifia. Juu ya tabaka jipya (layer, kama karatasi angavu iliyowekwa juu ya picha) chora umbo la kichwa kwa mistari michache tu.

Chukua brashi pana ya pikseli 150 hivi, uanze na vivuli. Hapa ndipo wengi huharibu: wanatumia nyeusi, picha inakufa. Kivuli cha manyoya ya rangi ya chungwa kipe zambarau au buluu. Fuata manyoya yanavyolala, kutoka puani kwenda masikioni. Usizisugue rangi zichanganyike, zitageuka tope. Ziache zikae bega kwa bega, jicho la mtazamaji litaziunganisha.

Macho yaje mwisho, kwa brashi ya pikseli 20: nukta moja ya mwanga kila jicho, upande uleule.