Okoa kilichopo kabla hujarejesha bekapu

Mama mmoja anayeuza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, aliniletea laptopu iliyogoma kuwaka. Bekapu yake, yaani nakala ya akiba ya mafaili, ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Nikairejesha palepale, mashine ikapona, nikalipwa. Jioni simu ikaita: "Fundi, hesabu za mzigo wa juzi mbona sizioni?" Nilikuwa nimezifuta mwenyewe. Siku hizi nafanya hivi.

Hatua ya 1: Ijue bekapu. Kama ni ya diski nzima, kuirejesha ni kuiandika diski upya kama ilivyokuwa siku ile. Ulichoongeza baadaye kinaondoka. Kama ni ya mafaili tu, hatari iko kwenye lile swali la kubadilisha faili lenye jina lilelile. Ukikubali, la zamani linalifunika jipya.

Hatua ya 2: Nakili kila kilichopo sasa. Usiiruke hii hata mteja akiwa amesimama mlangoni. Windows isipowaka, washa mashine kwa flashi yenye Ubuntu (mfumo mwingine unaoweza kuwaka kutoka kwenye flashi), ingia folda ya Users, nakili kila kitu kwenda diski ya nje. Flashi au diski iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili la kufikia GB 4, kwa hiyo tumia iliyofomatiwa kwa exFAT.

Hatua ya 3: Rejesha pembeni, kwenye folda mpya. Fungua mafaili kadhaa uone ndani, maana jina kuonekana si ushahidi kwamba faili ni zima. Kisha linganisha tarehe, uhamishe yanayokosekana tu.

Hatua ya 4: Kama lazima urejeshe diski nzima, chomoa diski zisizohusika. Itambue diski kwa ukubwa wake, si kwa namba (Disk 0, Disk 1), kwani namba hubadilika. Betri ijae, au uwe na UPS, kifaa cha akiba ya umeme; umeme ukikatika katikati unabaki na diski isiyo ya jana wala ya leo.

Jihadhari pia na amri kama robocopy (amri ya Windows ya kunakili mafaili) yenye /MIR. Inafuta kule unakopeleka kila kisichopo kule unakotoa, na haiulizi.

Umeshapoteza? Zima mashine, usisakinishe chochote kwenye diski hiyo. Jaribu PhotoRec, programu ya kutafuta mafaili yaliyofutika, ukiwa umewasha kwa flashi. Kwenye SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) yenye TRIM, inayosafisha kabisa kilichofutwa, usimwahidi mteja kitu.

Ya yule mama ilikuwa SSD. Hesabu tulizikuta kwenye kauntabuku lake linalonuka dagaa, nikazichapa siku mbili, bure.