Namna ya kuomba na kufanya tathmini ya mradi wa kisayansi uliokwisha, Unguja na Pemba

Mradi wa utafiti ukishafungwa hubaki ripoti ya mwisho iliyopelekwa kwa mfadhili, na mara nyingi imeandikwa na walewale waliouendesha mradi. Wananchi waliotoa mikojo, damu na muda wao wana haki ya jibu jengine: kile kilichofanywa kilifanya kazi, na maisha yao yamebadilika kwa sababu yake? Mwongozo huu ni kwa mtafiti, mwanafunzi wa shahada ya juu au afisa wa wizara anayetaka kuomba ruhusa ya kulitafuta jibu hilo.

Anza na swali

Usiandike barua yoyote kabla hujajua unapima ufanisi au athari. Ufanisi unauliza kama mradi ulifikia ulichoahidi. Athari inauliza nini kimebadilika kwa watu, kizuri na kibaya, kilichokusudiwa na kisichokusudiwa. Chukua mradi wa Unguja wa kutokomeza mbung'o, inzi wanaoambukiza ng'ombe maradhi ya nagana. Kuanzia 1994 mbung'o madume waliohasiwa kwa mionzi walizalishwa Tanga na kuachiwa kutoka angani juu ya kisiwa, na 1997 Unguja ikatangazwa haina tena mbung'o. Kwa ufanisi, mitego mitupu inatosha kuwa ushahidi. Kwa athari haitoshi hata kidogo: lazima umuulize mfugaji kama amepata ng'ombe wa maziwa, uulize nani aliyebaki nje ya neema hiyo, na malisho yamekuwaje baada ya mifugo kuongezeka.

Vigezo sita vya tathmini vinavyotumika sana duniani, yaani uhusika, uwiano na kazi za wengine, ufanisi, tija, athari na uendelevu, ni msaada mzuri wa kufikiri. Lakini ombi linaloahidi kuvipima vyote sita kwa bajeti ya wiki mbili halitakwenda mbali. Chagua viwili au vitatu, uvitendee haki.

Tafuta nyaraka za mradi wenyewe

Hapa ndipo tathmini nyingi zinapokufa, kwa hiyo hatua hii ipe muda kuliko zote. Iandikie taasisi iliyoendesha mradi, uombe pendekezo la awali, itifaki (maelezo ya namna utafiti ulivyopangwa kufanywa), dodoso, data za mwanzo, ripoti za kila mwaka na hesabu za fedha. Usiridhike na ripoti ya mwisho peke yake. Data za mwanzo zikiwa hazipatikani, liseme hilo waziwazi ndani ya ombi lako, maana hutaweza kudai "kabla na baada" bila ya "kabla".

Ukizipata, angalia zilivyopimwa. Mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ikiwa mradi ulikusanya vikombe vya mkojo skuli saa tano, nawe ukaenda saa mbili asubuhi ili uwahi boti, utahesabu mayai machache katika mililita 10 zilezile za mkojo na kutangaza mafanikio yasiyokuwepo. Msimu nao ni hivyohivyo: mabwawa ya konokono wanaobeba vimelea vya kichocho wakati wa masika si yale ya kiangazi. Pima saa ileile, msimu uleule, kwa njia ileile.

Kisha tafuta wa kulinganisha naye. Utafiti wa kutokomeza maambukizi ya kichocho Zanzibar, ulioendeshwa kuanzia 2011 hadi 2017, ulizigawa shehia 90 (maeneo madogo ya utawala chini ya wilaya), 45 kila kisiwa, katika makundi matatu. Yote yalipewa dawa ya prazikwanteli. Moja likaongezewa kuua konokono, jengine elimu ya kubadili tabia. Maambukizi yalishuka, lakini shehia zilizoongezewa kazi hazikutofautiana kwa uwazi na zile za dawa peke yake. Lingekosekana kundi la kulinganisha, sifa zote angepewa aliyemwaga dawa bwawani. Mradi wako ukiwa haukuwa na kundi la namna hiyo, eleza utatumia shehia zipi zinazofanana na zilizofikiwa, na kwa nini hizo.

Andika ombi

Weka swali, shehia kwa majina, idadi ya watu na watakavyochaguliwa, ratiba, bajeti, na hadidu za rejea, yaani kazi unayotakiwa kufanya na mipaka yake. Ambatisha dodoso na fomu ya ridhaa kwa Kiswahili cha kawaida. Msomee mtu asiyekuwa mtafiti kwanza. Akikuuliza maana ya sentensi, iandike upya. Tamka pia uhusiano wako na mradi: uliwahi kulipwa nao? Mkuu wa timu ya tathmini asiwe mtu aliyeuendesha.

Vibali

Kibali cha mradi wa zamani hakikufuniki. Kazi ya afya inapita kwa kamati ya maadili ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar (ZAHREI). Kwa mifugo, kilimo au bahari, pata barua ya taasisi ya sekta husika kabla ya kuomba kibali cha utafiti cha Serikali. Fomu na ada uliza ofisini siku unapoomba, usitegemee nakala ya mwenzako ya mwaka juzi.

Ukipata kibali, teremka nacho mkoani, wilayani, kisha kwa sheha. Pemba ina mikoa miwili na wilaya nne: Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani. Ukivuka wilaya, ripoti upya. Kwa sheha nenda mwenyewe, usimtume dereva na bahasha. Salamu kwanza, kisha: "Bwana Sheha, tumekuja kuangalia ule mradi uliopita umeacha nini, na majibu tutakuleteeni." Ikiwa ni Ramadhani, malizeni mahojiano mapema, kinamama wasishikwe na dodoso wakati wa kupika futari.

Ripoti na mrejesho

Andika yaliyofaulu na yaliyoshindwa kwa uzito mmoja. Mradi ulioshindwa ukielezwa vizuri unaokoa fedha za unaofuata. Nakala ipeleke kwa waliokupa kibali, kwa taasisi iliyoendesha mradi na kwa wilaya. Kwa shehia andaa kurasa mbili za Kiswahili na kikao kimoja, na gharama yake iwe tayari ndani ya bajeti uliyoombea. Takwimu za shehia zitaje kwa jina pale tu wananchi wenyewe hawataaibishwa nazo. Majina ya watu yaondoe kwenye data kabla hujaikabidhi kwa yeyote.